Farasi wa ziada wa Prado ya dizeli wanatoka wapi?

Ofa yenyewe siku hizi inajulikana mjini. Fundi anakuja na laptopu na waya mmoja, anachomeka chini ya usukani, anaandika programu mpya kwenye kompyuta ya injini, na baada ya saa moja hivi Prado yako ya dizeli iliyotoka kiwandani na nguvu za farasi 171 unaambiwa sasa ina 210. Hakuna boliti iliyofunguliwa. Ukiijaribu barabarani inaruka kweli, na mkono unaingia mfukoni wenyewe. Ila kabla hujalipa kuna la kuuliza: hao farasi karibu 40 walikuwa wapi siku zote?

Wauzaji wana majibu mawili. La kwanza ni kwamba Toyota iliifunga injini na wao wanaifungua. La pili ni kwamba programu mpya inafanya mafuta yaungue vizuri zaidi, kwa hiyo unapata nguvu na ulaji unapungua kwa pamoja. La kwanza lina ukweli nusu, na tutafika huko. La pili kwa sehemu kubwa ni maneno ya dukani. Farasi wapya wanatoka kwenye tangi la mafuta, na kila mmoja wao anakuja na mahitaji yake ya hewa na joto lake la kutupwa. Mtu anayekuuzia farasi bila kuuliza habari za hewa na joto anakuuzia nusu ya kazi. Nusu nyingine utailipia gereji.

Tuanze na namna dizeli inavyotii mguu. Kwenye petroli, ukikanyaga unafungua mlango wa hewa, na mafuta yanaifuata hewa kwa kipimo. Dizeli kimsingi haina mlango huo. Hewa inaingia yote inayoweza kuingia, kila mara, hata gari likiwa sailensi, yaani linanguruma bila kukanyagwa, na mguu wako unaamua kiasi cha mafuta tu. Ukikanyaga, kompyuta inaacha nozeli, ile inayopulizia mafuta ndani, wazi kwa muda mrefu kidogo zaidi. Basi.

Kwa hiyo kuiongezea dizeli nguvu hakuhitaji akili nyingi: unaiambia imwage zaidi. Enzi za pampu za kimekanika ilikuwa skrubu moja nyuma ya pampu, unaizungusha kidogo, na lori linapanda mlima likiacha wingu jeusi nyuma. Wingu lile lilikuwa dizeli iliyokosa hewa ya kuungua nayo. Ni kama jiko la mkaa: ukilijaza tele bila kulipepea, utapata moshi kabla ya kupata ugali.

Hesabu ya lita tatu

Namba zinasaidia hapa kuliko maneno. Chukua injini ambayo abiria wa Afrika Mashariki wameipanda miaka nenda miaka rudi, 5L ya Hiace: lita 3, dizeli, haina tabo, ile feni ya kusukuma hewa ndani ya injini. Injini ya mipigo minne hunywa nusu ya ujazo wake kila krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, inapozunguka mara moja. Kwa RPM 4,000, yaani mizunguko 4,000 kwa dakika, hiyo ni lita 6,000 za hewa kwa dakika. Toa asilimia 15 kwa sababu silinda hazijai kabisa, unabaki na lita 5,100, ambazo pale Dar es Salaam au Mombasa zina uzito wa karibu kilo 6.

Kitabu kinasema kilo moja ya dizeli inaungua na kilo 14.5 za hewa. Lakini dizeli hupuliziwa ndani mwishoni kabisa, haipati muda wa kuchanganyika vizuri, kwa hiyo ili bomba lisitoe moshi mweusi unahitaji kilo 18 hadi 20. Kilo 6 ukigawa kwa 20 unapata gramu 300 za dizeli kwa dakika. Gramu hizo zinatoa joto la kilowati 215 hivi, na injini ya aina ile inageuza theluthi moja tu kuwa kazi. Matokeo: kilowati 71, yaani farasi 96. Ukifungua kitabu cha gari utakuta 5L inaandikwa karibu farasi 100. Hatukutumia siri yoyote ya kiwanda, tumepima hewa tu.

Sasa njoo kwenye 1KD-FTV, ile D-4D ya Prado 120 na Prado 150 za mwanzo. Nayo ni lita 3. Kwa kweli ina sentimita za ujazo 2,982 dhidi ya 2,986 za 5L, ni ndogo kwa kijiko cha chai. Lakini inatoa farasi 171, tena kwa RPM 3,400 tu. Mafuta kupuliziwa moja kwa moja ndani ya silinda kumesaidia, ila sehemu kubwa ya tofauti ni hewa. Tabo inaisukuma hewa ndani kwa nguvu, intakula inaipoza, na silinda ile ile inabeba hewa nyingi karibu mara mbili. Hewa ikishaongezeka, mafuta yanaruhusiwa kuongezeka.

Intakula wengi huiona kama pambo, kwa hiyo tusimame hapo kidogo. Hewa ya nyuzi 30 ikibanwa na tabo ya kawaida hadi presha yake iwe mara mbili, inatoka ikiwa na nyuzi 125 hivi. Hewa ya moto ni nyepesi, kwa hiyo umebana lakini hukupata faida yote. Ukiipoza hadi nyuzi 55 au 60, uzito wa hewa katika ujazo ule ule unapanda kwa asilimia 20. Farasi hao hawadai presha zaidi wala hawachoshi chochote. Kwenye Prado ya 1KD intakula imekaa juu ya injini, chini ya ile pua ya boneti, na inategemea upepo wa mwendo. Gari likiwa kwenye foleni la Ubungo inapokea joto la injini badala ya upepo, na mapezi yake yakiziba kwa vumbi na mafuta, hata kwenye lami wazi haifanyi kazi yake. Nimeona watu wakitaka programu mpya huku intakula yao haijawahi kuoshwa tangu gari lishuke melini.

Joto linakaa wapi

Ukweli wa kazi hii yote uko kwenye joto la gesi zinazotoka silinda kwenda kwenye tabo. Wanaolipima huliita EGT, na geji yake ni kitu ambacho ningekifunga kabla ya programu yoyote. Mafundi wengi wa dizeli ndogo huweka mpaka wa nyuzi 700 hadi 750 kwa safari ya kukanyaga muda mrefu, kipimo kikiwa kwenye manifoldi, lile bomba linalokusanya moshi wa silinda, kabla ya tabo. Kikifungwa baada ya tabo kitasoma chini kwa nyuzi 100 au zaidi, kwa sababu tabo imeshachukua sehemu ya joto hilo kuzungukia, na dereva asiyejua tofauti hiyo atajiona yuko salama.

Mpaka huo una sababu. Pistoni ni ya alumini, na alumini huyeyuka karibu nyuzi 660. Inapona kwa sababu moto haukai juu yake muda wote: hewa safi inaingia kila mzunguko wa pili, na oili inarushwa kwa chini kuipoza. Ukiongeza mafuta bila kuongeza hewa unaipunguzia pistoni pumziko hilo. Chuma cha tabo nacho kinalegea, silinda hedi inaanza kupata nyufa kati ya vali, na oili inayopita kwenye beringi za tabo inageuka kaboni.

Kuna jambo jingine ambalo halionekani kwa macho, nalo ni muda. Kwa RPM 3,400, krenki hutumia kama milisekunde 1.5 kuzunguka nyuzi 30 za duara. Ndani ya dirisha hilo jembamba ndipo mafuta yanatakiwa yaingie na yaungue yakiwa na faida, pistoni ikiwa bado iko juu. Tundu za nozeli ni zile zile ndogo. Ukitaka zimwage zaidi, njia ya kawaida ni kuziacha wazi zaidi, na mafuta ya mwisho yanaingia pistoni ikiwa imeshaanza kushuka. Yanaungua, lakini yanaungua kwa kuchelewa. Badala ya kusukuma pistoni yanapasha manifoldi. Njia ya pili ni kuanza kumwaga mapema. Hapo nguvu inapatikana na EGT inatulia, ila presha ya juu kabisa ndani ya silinda inapanda sana, na kipigo hicho kinapokelewa na konrodi inayounganisha pistoni na krenki, beringi na gasketi ya hedi. Fundi mzuri anacheza katikati ya hayo mawili. Fundi wa haraka anasukuma yote mawili, kwa sababu yote mawili yanamfurahisha mteja ndani ya dakika kumi za majaribio.

Na dakika kumi za mjini hazipimi kitu. Joto ni jambo la kukusanyika. Ukilipita basi kwa sekunde nane, geji inapanda na kushuka, hakuna aliyeumia. Peleka gari hilo hilo mlima Kitonga, watu saba ndani, mizigo juu ya keria, jua la saa nane, nyuma ya lori ambalo kila ukipata nafasi ya kulipita unakanyaga hadi chini. Hapo sindano inafika 700 na haishuki, maji yanaanza kupanda, na ile programu iliyotengenezwa kwenye barabara ya bapa ndiyo inaonyesha ilikuwa ya namna gani.

Wenye 1KD wana sababu ya ziada ya kuwa waangalifu. Injini hiyo inajulikana kwa mambo mawili: pistoni kupasuka, na nozeli kuchoka hadi zinamwaga ovyo. Mara nyingi hayo mawili ni ugonjwa mmoja, maana nozeli inayovuja inachoma sehemu moja ya pistoni kila mzunguko. Kuna na la tatu: washa za shaba, zile pete za kuzibia chini ya nozeli, zikilegea, gesi zinavuja kuingia kwenye oili, masizi yanaganda na kuziba chujio la pampu ya oili ndani ya sampo, beseni la oili chini ya injini, na siku moja presha ya oili inapotea. Kuiongezea mafuta injini yenye hali hiyo ni kuharakisha safari iliyokwisha kuanza.

Anachobadilisha yule mwenye laptopu

Ndani ya kompyuta ya injini kuna majedwali mengi. Jedwali moja linasema mguu ukiwa hapa na RPM zikiwa hizi, dereva anaomba torki kiasi gani, yaani ile nguvu ya kusokota inayoanzisha mwendo. Jingine linasema torki hiyo inahitaji mafuta kiasi gani. Mengine yanapanga presha ya reli, yaani bomba la pamoja linalolisha nozeli zote, wakati wa kumwaga, na presha ya tabo. Juu ya yote kuna majedwali ya kuzuia: torki isizidi kile ambacho giaboksi inabeba, na mafuta yasizidi hewa iliyopimwa kuingia. Hilo la mwisho ndilo la moshi, na ndilo linalotofautisha mafundi. Anayejua kazi hupandisha hewa kwanza, halafu anaruhusu mafuta yafuate, kizuizi cha moshi kikiwa hai. Mwingine hufuta kizuizi tu. Ukiona Prado inatoa wingu jeusi kila inapoondoka kwenye taa, umeona kazi ya huyo wa pili. Mwenyewe hujivunia.

Kisha kuna vile visanduku vya kuchomeka, ambavyo haviigusi kompyuta kabisa. Vingi vinakaa kati ya sensa ya presha ya reli na kompyuta, na kazi yao ni kudanganya. Sensa inaona bari 1,400, kisanduku kinaripoti 1,200, kompyuta inadhani presha ni ndogo na inaipandisha. Udanganyifu huo una kikomo cha kifizikia: mafuta yanayopita kwenye tundu hayapandi sambamba na presha, yanapanda kwa kipeuo cha pili cha presha, kwa hiyo ili kupata asilimia 20 zaidi ya mafuta unahitaji presha ya asilimia 44 zaidi. Pampu na reli hazina nafasi hiyo. Kisanduku cha uaminifu kitakupa ongezeko dogo, na pampu yako itafanya kazi ngumu zaidi maisha yake yote. Kuhusu vile vinavyouzwa bei ya soda tano, vya kuchomeka kwenye tundu la OBD, lile lile la chini ya usukani, na kuwasha taa ya kijani, waliovifungua wamekuta taa na vipande vichache vya umeme visivyozungumza na injini hata kidogo.

Ulaji je? Ukiendesha taratibu, gari linahitaji nguvu ile ile kusukuma upepo na kuzungusha matairi, na programu haibadilishi hilo. Torki ikipatikana mapema unaweza kubadili gia mapema na kuokoa kidogo. Ila wengi walionunua nguvu wanaitumia, na hapo mafuta yanaondoka kwa kadiri ya farasi.

Kiwanda chenyewe kilifanyaje

Njia nzuri ya kujua injini inavumilia nini ni kuangalia walioiunda walifanya nini walipotaka nguvu zaidi. Mfano mzuri ni 1GD-FTV, lita 2.8 iliyochukua nafasi ya 1KD mwaka 2015. Ilianza na farasi 177 na torki ya nyutoni-mita 450. Mwaka 2020 ikapandishwa hadi farasi 204 na nyutoni-mita 500. Ongezeko la farasi 27 tu, ambalo mwenye laptopu angekupa kwa saa moja. Toyota haikulifanya kwa laptopu. Iliweka tabo kubwa zaidi inayozunguka juu ya beringi za gololi, ikaimarisha bloku, na ikagusa vifaa vingine vya ndani. Mwenye 2.8 ya 2016 akiongezewa programu hadi farasi 204 anakuwa na namba ya gari la 2020 na tabo ya 2016. Inawezekana, watu wanafanya, lakini ajue kwamba ile nafasi ya ziada ambayo kiwanda kiliinunua kwa chuma, yeye anaichukua kwenye akiba ya injini yake.

Mfano wa zamani zaidi una somo hilo hilo. Land Cruiser mkonga za mashirika ya misaada, za serikali na za hifadhi za wanyama, nyingi zinatumia 1HZ: silinda sita, lita 4.2, haina tabo, farasi 130 hivi. Imetengenezwa tangu 1990 na bado inapendwa kwa sababu haina kompyuta ya kuuliza maswali. Wanaoifunga tabo hawaishi. Mwaka ule ule wa 1990 Toyota ilitoa injini ya ujazo uo huo, yenye tabo tangu kiwandani, ikaiita 1HD-T. Tazama ilichobadilisha: kompresheni, yaani hewa inabanwa mara ngapi ndani ya silinda, ikashushwa kutoka 22 na ushee hadi 18.6, mafuta yakapuliziwa moja kwa moja juu ya pistoni badala ya kwenye vyumba vidogo vya pembeni vya hedi. Vile vyumba vya pembeni ndivyo vinavyopasuka 1HZ ikibebeshwa tabo bila kiasi. Australia, ambako mchezo huu ni wa zamani, wanaotaka injini idumu huishia pauni 7 au 8 za presha, wanaongeza intakula na geji ya EGT, na hawagusi skrubu ya mafuta zaidi ya inavyotakiwa. Farasi wanaopatikana si wa kutangaza, lakini gari linapanda mlima bila kushuka gia mbili.

Upande wa pili wa shilingi upo, na ndio ule ukweli nusu wa wauzaji. Injini ya V8 ya lita 4.5, 1VD-FTV, iliwekwa kwenye Land Cruiser 200 ikiwa na tabo mbili na kilowati 200 hivi. Hiyo hiyo ikawekwa kwenye mkonga wa 70 ikiwa na tabo moja na kilowati 151. Viwanda huacha nafasi kwa sababu nyingi: gari moja litauzwa Norway na Niger, mafuta yatakuwa ya kila namna, sheria za moshi zinabana, giaboksi ina mpaka wake, udhamini lazima uishe salama, na gari la kazi halitakiwi kulishinda la kifahari. Kwenye V8 ya mkonga nafasi hiyo ni pana, na programu ya kiasi inalipa. Kwenye 1KD nafasi ni nyembamba. Injini hazifanani, na asilimia ile ile ya kupandisha haiwezi kuzifaa zote.

Milima yetu

Programu nyingi zinazozunguka mitaani zimenunuliwa mtandaoni, zimetengenezwa kwa barabara za Ulaya au za Dubai, karibu na usawa wa bahari. Nairobi iko mita 1,700 na ushee juu, Mbeya vivyo hivyo, na ukipanda Limuru unapita 2,000. Kwenye mita 1,700 presha ya hewa ni karibu asilimia 82 ya ile ya pwani. Hiace ya 5L inapoteza nguvu kwa kadiri hiyo na kila mtu anaisikia. Gari lenye tabo linaficha upungufu huo, kwa gharama ya tabo yenyewe. Tuseme programu inataka bari 2.2 kamili ndani ya manifoldi ya kuingizia hewa. Mombasa tabo inabana hewa mara 2.2. Nairobi inaanza na bari 0.82, kwa hiyo lazima ibane karibu mara 2.7 ili kufika pale pale. Gurudumu linazunguka kwa kasi zaidi, hewa inatoka ikiwa ya moto zaidi, intakula inalemewa. Programu ya kiwandani ina majedwali ya kupunguza kulingana na mwinuko. Programu ya haraka mara nyingi imeyafuta au imeyasahau. Tabo inayokufa Naivasha ilianza kuumia siku nyingi, kila ilipopandisha Mai Mahiu.

Mafuta nayo. Nchi za Afrika Mashariki zilihamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni (50 ppm) mwaka 2015, jambo lililozisaidia sana injini za kisasa. Lakini kuchanganya dizeli na mafuta ya taa kulikuwa tatizo kiasi kwamba Kenya mwaka 2018 iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili faida ya uchakachuaji ife. Mafuta ya taa hayalainishi. Pampu ya 1GD inafika bari 2,200, wakati nozeli ya 1HZ inafunguka karibu bari 150. Kwenye 1HZ uchakachuaji ni kero. Kwenye reli ya kisasa iliyopandishwa presha, ni seti nzima ya nozeli.

Kabla ya kuongeza, rudisha

Prado nyingi zinazolalamikiwa kuwa nzito hazihitaji programu, zinahitaji kurudishiwa zile farasi 171 zake. Ile vali ya EGR inayorudisha moshi kwenye hewa inayoingia huchanganya masizi na mvuke wa oili, na baada ya kilomita laki moja na nusu manifoldi ya kuingizia inakuwa na tope jeusi gumu. Nimeona tundu ambalo kidole gumba hakipiti. Mpira wa kutoka tabo kwenda intakula unapasuka upande wa chini usioonekana: paka maji ya sabuni, mtu akanyage, tazama povu. Chujio la hewa, sensa ya hewa, vani za tabo (vile vibao vidogo vinavyoelekeza gesi) zilizokwama kwa masizi, haya yote ni bei ndogo. Soma na mashine marekebisho ya kila nozeli injini ikiwa sailensi. Kwenye 1KD yakipita 3 juu au chini ya sifuri, shughulikia nozeli kwanza, na ukiwa hapo badilisha zile washa za shaba na ushushe sampo uone chujio la oili. Gari likimaliza matengenezo hayo, wenye magari wengi husahau habari za programu.

Wanaobaki na hamu waangalie na vilivyo nyuma ya injini. Torki ya ghafla kwenye RPM 1,500 ndiyo inayosifiwa zaidi na ndiyo inayovunja zaidi: klachi inateleza, giaboksi ya otomatiki inachemsha oili yake, na konrodi zinapigwa wakati presha ya oili bado iko chini. Mimi ningeomba ongezeko lianze RPM 2,000 kwenda juu, hata kama gari litasifiwa kidogo. Prado za 2.8 zilizotoka Japani zina chujio la masizi na tangi la AdBlue, ile dawa ya kusafishia moshi. Moshi ukiongezeka chujio linajaza haraka, kompyuta inalisafisha kwa kumwaga dizeli ya ziada mara kwa mara, na sehemu ya dizeli hiyo inaishia kwenye oili. Kulikata chujio ni mtindo wa magereji mengi. Wanaopumua nyuma ya gari hawakuulizwa. Na bima ielezwe mabadiliko kwa maandishi, maana siku ya ajali ndiyo siku ambayo mtathmini anakuwa na muda wa kusoma.

Kwa 1KD yenye afya, ningeishia asilimia 15, farasi 195 hivi, baada ya intakula kubwa na geji ya EGT kufungwa. Asilimia 25 zinauzwa kila siku na zipo barabarani. Zinadumu kwa anayejua kuachia pedali mlimani.

Kwa fundi, omba vitu vya karatasi. Kipimo cha dainamomita, mashine ya kupima nguvu ya gari, kabla na baada, mashine ile ile, siku ile ile. Rekodi ya presha ya tabo, presha ya reli na EGT gari likipanda mlima mrefu, si likizunguka mtaa. Akisema hazihitajiki, umeshamjua. Na faili la kiwandani alilolisoma kabla ya kuandika jipya akupe nakala kwenye flashi, ukae nayo wewe. Akihama mji au laptopu yake ikiibwa, fundi atakayefuata atahitaji mahali pa kuanzia.